Nani alimaliza msitu? Kuni, makala na historia ambayo wanafunzi wa Kivu wanapaswa kuuliza

Goma, Kivu Kaskazini. – Kila mwaka, masomo yanapokaribia mwisho, wanafunzi wa jiografia na mazingira wa vyuo vya Goma na Bukavu wanatoka darasani na daftari mkononi. Wanapanda pikipiki kwenda Kibumba, Rugari, Sake ao Kiwanja, wanauliza watu maswali, kisha wanarudi kuandika kitabu cha mwisho wa masomo, kile ambacho wengi wanakiita TFC. Kati ya maswali wanayoyapenda sana, moja halikosi: miti ya pembeni ya Goma imekwenda wapi, na nani aliyeimaliza?

Mara nyingi jibu jepesi ndilo linalofika mbele: ni wahami wa vita. Walikuja wengi, wakajenga vibanda, wakakata kuni, msitu ukaisha. Jibu hilo linasikika mjini, linaandikwa katika ripoti, na mama aliyetoka Masisi na watoto watano mgongoni na mkononi anarudishiwa lawama hiyo kwenye bomba la maji na kwenye soko.

Jibu hilo lina sehemu ya ukweli. Lakini historia ya nchi hii inaonyesha kwamba ni sehemu ndogo, na kwamba mtafiti anayeishia hapo amefanya nusu ya kazi.

Mwanafunzi mmoja ndani ya Bwisha

Katika miaka ya 1980, mwanafunzi mmoja Muingereza, James Fairhead, alikuja kuishi kati ya wakulima wa Bwisha, usultani wa wilaya ya Rutshuru unaopakana na Uganda na Rwanda. Alikuwa anatayarisha kitabu cha udaktari kwa ajili ya chuo cha SOAS cha London. Alikimaliza mwaka 1990. Kichwa chake kinaita mashamba kuwa uwanja wa mapambano, na ndani yake aliandika juu ya ujuzi wa wakulima: namna wanavyofahamu udongo wao, mbegu zao, magonjwa ya mimea, na namna ujuzi huo unavyoshikamana na mambo ya nani ana ardhi na nani hana.

Neno kubwa la kushika hapa ni kwamba alianza kwa kuuliza wakulima wanajua nini, mbele ya kuuliza wanaharibu nini. Ni tofauti ndogo kwa maneno, lakini inabadilisha kila kitu kinachofuata.

Kisha kazi ya Bwisha, Fairhead alikwenda Afrika ya Magharibi, nchini Guinea, pamoja na mwenzake Melissa Leach. Katika wilaya ya Kissidougou, vijiji vingi vimezungukwa na msitu mnene wa duara, na inje ya duara hilo ni majani matupu. Tangu wakati wa ukoloni wa Wafaransa, wakubwa wa serikali na wataalamu wa misitu walikuwa na maelezo moja: zamani nchi yote ilikuwa msitu, wenyeji wakaukata na kuuchoma, na ile miduara ndiyo mabaki. Juu ya maelezo hayo wakatunga sheria za kukataza moto na kutoza faini.

Watafiti hao wawili waliuliza wazee. Wazee wakasema kinyume: babu zetu walifika mahali pa majani, wakajenga, wakapanda miti, wakafunga ng'ombe pembeni ya kijiji, wakachoma majani mapema ili moto mkubwa usifike, na msitu ukaota. Wazee peke yao pengine wasingeaminiwa. Lakini kulikuwa picha zilizopigwa kwa ndege mwaka 1952. Zilipowekwa pembeni ya picha za setilaiti za karibu na 1990, zilionyesha kwamba katika sehemu nyingi miti iliongezeka. Kitabu chao kilitoka mwaka 1996 na mpaka leo kinasomwa katika vyuo vingi vya jiografia duniani. Kwa karibu miaka 100, watu walitozwa faini kwa kosa la kuharibu msitu ambao mikono yao wenyewe iliupanda.

Kivu si Kissidougou. Hapa miti imekatwa kweli, na hakuna picha ya zamani itakayokana jambo hilo. Somo linalobaki ni la namna ya kuuliza: mbele ya kumtaja mwenye kosa, mtafiti achunguze tarehe, mipaka, sheria, bei ya soko, na aulize nani anafaidika na jibu jepesi.

Mipaka ilichorwa mwaka 1925

Tarehe ya kwanza ambayo mwanafunzi wa Kivu Kaskazini anapaswa kuandika kwenye daftari ni 21 Aprili 1925. Siku hiyo serikali ya ukoloni ya Wabelgiji ilianzisha Mbuga ya Albert, kwa jina la mfalme Albert wa kwanza, ili kulinda gorila wa milima. Mwanzoni ilikuwa sehemu ndogo kuzunguka volkano za Mikeno, Karisimbi na Visoke. Mwaka 1929 ikapanuliwa sana, na mwaka 1935 ikapanuliwa tena mpaka kupata karibu umbo lake la leo: kutoka milima ya volkano kusini, kupitia bonde la Rwindi na ziwa Edward, mpaka milima ya Ruwenzori kaskazini. Ni karibu kilometa za mraba 7,800. Jina la Virunga lilikuja mwaka 1969, na mwaka 1979 UNESCO ikaiweka katika orodha ya urithi wa dunia.

Ndani ya mipaka hiyo kulikuwa watu. Kulikuwa mashamba, malisho, njia za kwenda sokoni, mahali pa kuvua samaki na mahali pa kuzika. Wakoloni walizungumza na machifu wa desturi juu ya malipo, na mabishano juu ya nani alilipwa, alilipwa nini, na mpaka unapita wapi hasa, hayajaisha mpaka leo. Mzee wa Rutshuru anapoita sehemu ya mbuga "shamba la babu", si kwamba hajui sheria. Anataja historia ambayo haikuandikwa kwenye ramani.

Kwa hiyo, mtu anayekamatwa leo na kuni ndani ya mbuga ana makosa mbele ya sheria. Lakini mtafiti asisahau kwamba kuni hizo zilikuwa halali kwa babu yake, na kwamba mstari ndio uliohama, si kijiji. Pia asisahau upande mwingine: bila mstari huo, pengine misitu ya Mikeno na gorila wake wasingekuwa hai leo. Walinzi wengi wa mbuga, watoto wa Kongo, wamekufa kwa ajili yake. Tarehe 24 Aprili 2020, walinzi 12 waliuawa siku moja karibu na Rumangabo. Familia zao pia ziko katika historia hii.

Masisi: watu waliletwa, kisha ng'ombe wakaja

Tarehe ya pili ni 1937. Mwaka huo serikali ya ukoloni ilianza kazi iliyoitwa MIB, ya kuhamisha familia kutoka Rwanda, ambako watu walikuwa wengi na njaa ilikuwa inapiga, kuwapeleka Gishari na sehemu zingine za Masisi. Wakoloni walikuwa na sababu nyingine pia: mashamba makubwa ya wazungu yalihitaji wafanyakazi. Uhamisho huo uliendelea mpaka miaka ya 1950, na makumi ya maelfu ya watu walivuka. Misitu ya milima ya Masisi ilifunguliwa kwa jembe kwa amri ya serikali, mbele ya mtu yeyote kuitwa mhami wa vita.

Nyuma ya uhuru sheria zilibadilika. Sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 ilirudisha ardhi yote mikononi mwa serikali. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ikasema kwamba udongo ni mali ya serikali peke yake, na kwamba haki za watu wanaokaa kwenye ardhi ya desturi zitapangwa baadaye kwa amri ya rais. Amri hiyo haikutoka. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo, Mobutu akatangaza zaireanizasio, na mashamba ya wageni yakapewa watu wenye kujuana na utawala. Katika Masisi sehemu kubwa ya mashamba hayo ikawa malisho ya ng'ombe.

Mkulima mdogo alibaki kati ya ukuta mbili: upande mmoja mbuga, upande mwingine uzio wa tajiri. Mashamba yake yakagawanywa kati ya watoto, kisha kati ya wajukuu, mpaka yakawa vipande. Vita ya Masisi ya mwaka 1993 iliota kwenye udongo huo. Anayeanza hesabu ya miti mwaka 1994 ameruka miaka karibu 70.

Julai 1994

Hata hivyo, 1994 ni mwaka ambao hauwezi kurukwa. Katikati ya Julai, kwa siku chache tu, watu zaidi ya laki 8 walivuka kutoka Rwanda wakaingia Goma. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu. Udongo wa Goma ni lava ngumu, jembe haliingii, na watu walishindwa hata kuchimba makaburi. Kambi zikafunguliwa Mugunga, Kibumba, Katale na Kahindo, nyingi zikiwa pembeni kabisa ya mbuga.

Chakula kilichogawanywa kilikuwa maharagi na unga. Maharagi makavu yanahitaji saa nyingi kwenye moto. Familia ikipewa maharagi bila kuni, imetumwa msituni hata kama hakuna aliyesema neno hilo. Kila siku maelfu ya watu waliingia mbuga kukata. Mashirika yalijaribu kuleta kuni kwa malori na kugawa majiko yanayotumia kuni kidogo, lakini mahitaji yalikuwa makubwa kuliko malori. Mwaka huohuo wa 1994 UNESCO iliiweka Virunga katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Kambi zilivunjwa mwishoni mwa 1996. Ndiyo maana katika akili za watu wengi, neno "mkimbizi" na neno "msitu kuisha" yamefungwa kamba moja. Lakini angalia kilichotokea nyuma yake. Katikati ya mwaka 2004, kambi zile hazikuwapo tena, na bado karibu hekta 1,500 za msitu wa Mikeno zilifyekwa kwa muda mfupi kwa ajili ya mashamba na malisho, mpaka ukuta wa mawe ukajengwa kuonyesha mpaka. Wakimbizi wa 1994 hawakuwa na mkono ndani ya jambo hilo.

Mji unakula nini?

Swali ambalo wanafunzi wengi wanaliacha ni hili: Goma yenyewe inapika na nini? Mbele ya uhuru, Goma ilikuwa kituo kidogo cha mpaka. Leo ni mji wa watu zaidi ya milioni moja. Umeme wa Ruzizi, ulioanza kutolewa mwaka 1958, haukutosha kwa mji uliokua hivyo. Kwa miaka mingi, jiko la Goma limekuwa mbabula, na chakula cha mbabula ni makala.

Hapa hesabu ndogo inasaidia. Katika tanuru ya kienyeji, miti inapangwa, inafunikwa na majani na udongo, inaungua polepole kwa siku kadhaa. Kilo 100 za miti mikavu zinatoa kilo 10 mpaka 20 tu za makala. Nguvu nyingi ya mti inatoka na moshi. Maana yake, sufuria iliyopikwa na makala mjini imekula miti mingi kuliko sufuria ileile iliyopikwa na kuni kijijini. Mama wa kambini anayebeba mzigo wa vijiti anaonekana na kila mtu barabarani. Gunia la makala linaloshuka usiku kwa lori ao asubuhi kwa chukudu halionekani kuwa msitu, linaonekana kuwa biashara.

Na biashara hiyo ina wakubwa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi namna makundi yenye silaha, FDLR wakiwa kati yao, yalivyotoza kodi kwa wachoma makala na kwenye barieri za barabara, na namna baadhi ya askari wa serikali walivyoshiriki. Mwezi wa Julai 2007, gorila kadhaa wa familia ya Rugendo walipigwa risasi na kuachwa palepale, bila kuliwa wala kuuzwa. Uchunguzi ulielekeza macho kwenye biashara ya makala: gorila wakiisha, mlinzi hana tena sababu ya kulinda miti.

Majaribio ya kutafuta njia nyingine yalikuwapo. Tangu 2007, mradi wa EcoMakala wa shirika la WWF ulisaidia wakulima kupanda miti inayokua upesi katika mashamba yao wenyewe, ili makala itoke inje ya mbuga. Mwishoni mwa 2015, barazhi ya Matebe kwenye mto Rutshuru, yenye megawati karibu 13, ilianza kutoa umeme, na sehemu ya umeme huo ikafika Goma. Lakini waya wa umeme kufika kwenye kartie si sawa na familia kupika kwa umeme. Kuna bei ya kuunganishwa, bei ya jiko, na vita vinavyokata waya.

Bei ambayo wanawake wanalipa

Tangu mwisho wa 2021, vita vya M23 viliporudi, mamia ya maelfu ya watu walikusanyika Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo na mahali pengine kuzunguka Goma. Kambi nyingi zilikuwa hatua chache tu kutoka mbuga. Wanawake ndio waliokwenda kutafuta kuni, kwa sababu mwanaume aliyeonekana msituni aliweza kushukiwa kuwa mpiganaji na kuuawa. Familia ilikuwa inachagua kati ya hatari mbili.

Katika wiki 2 za mwisho za Aprili 2023 peke yake, madaktari wa MSF walitibu wanawake zaidi ya 600 waliobakwa katika kambi za pembeni ya Goma, na wengi walisema walishambuliwa walipokwenda kutafuta kuni ao chakula. Hesabu hiyo pia ni hesabu ya mazingira. Jiografia inayopima hekta zilizokatwa bila kupima bei ambayo mwanamke analipa kwa mzigo mmoja wa kuni imeacha nusu ya ramani nyeupe.

Ni hapa lawama ya "wahami walimaliza msitu" inapokuwa hatari. Kama wahami ndio shida, dawa ni kuwafukuza. Kama shida ni chakula kinachogawanywa bila kitu cha kupikia, mji mkubwa bila nishati ya bei nafuu, ardhi bila sheria iliyo wazi, na bunduki zinazotoza kodi kwenye kila gunia, basi dawa ni nyingine kabisa, na wenye kuulizwa ni watu wengine.

Kazi nzuri ya mwanafunzi inafanana na nini?

Kwanza, inaanza na tarehe. Mtafiti anauliza wazee wa kijiji msitu ulifika wapi wakati wa uhuru, wakati wa Mobutu, mbele ya 1994, na leo. Anatembea pamoja nao, anaweka alama kwenye simu, anachora ramani pamoja na wanawake na vijana, si pamoja na chifu peke yake.

Pili, inalinganisha. Picha za setilaiti za Landsat zinapatikana tangu miaka ya 1970, na tangu 2008 zinatolewa bure. Mwanafunzi mwenye kompyuta na intaneti ya saa chache anaweza kuweka picha pembeni ya maneno ya mzee, kama ilivyofanyika Kissidougou. Mara picha itamkubali mzee, mara itamkatalia. Yote mawili ni ujuzi.

Tatu, inafuata kuni mpaka mwisho wa njia: nani alikata, nani alichoma, nani alitoza kwenye barieri, nani alinunua, nani alipika. Mtafiti anayeishia kwa yule wa kwanza amechagua maskini kuliko wote katika mstari huo.

Nne, inalinda watu. Mama anayesema mahali anapokata kuni anaweza kukamatwa ao kushambuliwa kesho yake. Majina hayaandikwi, na mahali pengine hapawekwi kwenye ramani. Mtu ana haki ya kukataa kujibu, hata kama mwanafunzi amekuja kutoka mbali na mwalimu wake anangoja.

Tano, inarudi. TFC nyingi zinalala katika maktaba ya chuo, kwa Kifaransa, na watu waliotoa majibu hawajui kilichoandikwa juu yao. Mkutano mmoja chini ya mti, ao dakika kumi za redio kwa Kiswahili, zingetosha ili watu waseme: hapa umeandika vizuri, hapa umetusingizia.

Swali hili halikuisha na kambi. Mwezi wa Februari 2025, kisha M23 kuchukua Goma, kambi za kuzunguka mji zilivunjwa na mamia ya maelfu ya watu wakaondoka, wengi wakielekea vijiji vyao vya Masisi, Rutshuru na Nyiragongo. Waliacha mashamba na miti kwa miaka miwili, mitatu. Wengine wamekuta mashamba yamekuwa pori, wengine wamekuta mikalitusi waliyopanda kwa ajili ya karo ya watoto imekatwa na kuuzwa makala. Hakuna anayewaita hao wahami walioharibiwa msitu wao. Mwanafunzi atakayepanda pikipiki mwaka huu angeweza kuanza na swali hilo: uliacha miti mingapi, umekuta mingapi, na nani aliikata ulipokuwa mbali?